MAMA CELESTINA NA MASISTA WA KAMENGE



Sisi tuliotoka Bujumbura tunaijua njia ile: unaacha Zone Industrielle na viwanda vyake, unapita Ngagara, unafika Kamenge. Huko, kwenye parokia ya Mtakatifu Guido Maria Conforti, waliishi masista wa Kiitalia katika nyumba moja, katikati ya watu. Shirika lao ni Wamisionari wa Maria, ila wengi huwaita Waxaveri. Najua baadhi yenu mtauliza kwa nini gazeti letu linaandika habari za masista wakati sisi si Wakatoliki. Tunaandika kwa ajili ya mwanamke aliyewalea kiroho, Celestina Bottego.

Alizaliwa Marekani tarehe 20 Desemba 1895. Baba yake alikuwa Mwitalia, mama yake wa asili ya Ireland. Ndugu wa baba yake, Vittorio Bottego, ndiye yule mpelelezi aliyeufuata mto Juba na kuuawa Ethiopia mwaka 1897. Yule alikuja Afrika na watu wenye bunduki. Binti wa ndugu yake alikuja kutuma watu wa namna nyingine kabisa.

Akiwa bado mtoto mdogo, jamaa yao iligawanyika. Baba alirudi Italia na watoto wakubwa wawili, Celestina akabaki Marekani na mama yake. Walikuja kukaa pamoja tena mwaka 1910, naye alikuwa msichana wa miaka 14. Sisi hatuhitaji kuelezwa miaka kama hiyo ilivyo, maana hapa kambini kuna watoto wanaomjua baba kwa picha tu.

Huko Parma alisoma, akawa mwalimu wa Kiingereza. Aliwafundisha pia vijana wa Waxaveri waliojiandaa kwenda misioni. Hakuolewa, wala hakuwa mtawa wa nyumba ya watawa. Alikwenda kazini, akasali, akawasaidia maskini wa mji. Ndipo padre mmoja wa Waxaveri, Giacomo Spagnolo, akamwomba waanzishe pamoja shirika la masista wamisionari. Alikataa. Alijiona hafai kwa kazi hiyo. Padre akamtumia picha ya Yesu msalabani, na mwaka 1944, katikati ya vita, alikubali. Alikuwa na miaka 48. Ndugu zetu wanaosema kwamba umri wao umeishia kambini na hakuna kazi tena iliyobaki, waangalie hesabu hiyo.

Mwaka 1945 wasichana wa kwanza walifika, naye akawapokea katika nyumba ya jamaa yake pale San Lazzaro. Ile nyumba ya urithi aliitoa iwe ya shirika. Wasichana walimwita Mama, na alitaka waishi kama watu wa jamaa moja popote watakapotumwa. Walitumwa mbali: Brazili, Japani, Kongo, Burundi. Yeye alifariki palepale San Lazzaro tarehe 20 Agosti 1980. Mwaka 2013 Kanisa lake lilimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye kuheshimiwa.

Kati ya binti zake hao walikuwamo Lucia Pulici, Olga Raschietti na Bernadetta Boggian. Walitumika Kongo kwa miaka mingi, kisha wakavuka kuja Burundi. Walipokuwa Kamenge walikuwa wamezeeka, wawili kati yao wakipita miaka 75. Kwa umri huo wangeweza kupumzika kwao Italia, na hakuna ambaye angewalaumu. Walibaki katika mtaa ambao tangu 1993 ulikuwa umeona damu nyingi, mtaa ambao wengine wetu tuliukimbia.

Tarehe 7 Septemba 2014, siku ya Jumapili, Lucia na Olga waliuawa ndani ya nyumba yao. Usiku uleule Bernadetta naye akauawa. Kamenge na mji mzima waliomboleza. Baada ya ibada ya Bujumbura, miili yao haikupelekwa Italia. Ilipelekwa Bukavu, ikazikwa huko.