Abebe Bikila: bingwa wa mbio aliyeanza upya kwenye kiti cha magurudumu

Hapa Unguja na Pemba wengi wetu tunamjua mkwezi aliyeanguka mnazini, mchumaji aliyevunjikiwa na tawi la mkarafuu, au kijana aliyeumia kwa bodaboda. Akinusurika lakini uti wa mgongo ukawa umeumia, mara nyingi huishia kulazwa chumba cha ndani, na watu huanza kumzungumza kana kwamba maisha yake yamekwisha. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya wanaomuuguza, leo tunawaletea maisha ya Abebe Bikila wa Ethiopia.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye milima ya Shewa. Utotoni alichunga mifugo. Alipokua alikwenda Addis Ababa akajiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko kocha Onni Niskanen, aliyetoka Sweden, alipomwona na kuanza kumfundisha mbio ndefu.

Mwaka 1960 alipelekwa Roma kwenye michezo ya Olimpiki. Watu wachache sana walimjua. Viatu alivyopata havikumkaa vizuri, naye alikwishazoea kufanya mazoezi pekupeku, basi akakimbia hivyo hivyo. Marathoni ni kilomita 42, zaidi ya njia ya kutoka Darajani hadi Chwaka. Jioni ya tarehe 10 Septemba aliimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akavunja rekodi ya dunia. Ushindi huo ulikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu Italia ndiyo iliyoivamia Ethiopia mwaka 1935.

Furaha hiyo haikudumu. Disemba ya mwaka huo huo baadhi ya wakuu wa kikosi chake walijaribu kumpindua mfalme wakashindwa. Abebe alikamatwa pamoja na wenzake, kisha akaachiwa, akarudi kwenye mazoezi.

Mtihani wa pili ulikuja mwaka 1964. Zikiwa zimebaki wiki tano hivi kabla ya marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alianza mazoezi kidogo kidogo, na tarehe 21 Oktoba akaingia mbioni. Safari hii alivaa viatu. Alishinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akamwacha wa pili kwa zaidi ya dakika nne. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Mwaka 1968, huko Mexico, mguu ulikuwa unamuuma na ilimbidi atoke njiani. Mwenzake, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda. Watanzania tunaikumbuka mbio hiyo kwa sababu nyingine: ndimo John Stephen Akhwari alimoanguka akaumia, akafungwa bendeji gotini, na bado akafika mwisho.

Miezi michache baadaye, Machi 1969, gari alilokuwa akiendesha Abebe lilipinduka usiku si mbali na Addis Ababa. Uti wa mgongo uliumia. Alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa takriban miezi minane. Mwanzoni hata mikono haikumtii. Taratibu nguvu za mikono zikarudi, lakini miguu haikuamka tena.

Hospitali hiyo ina historia yake. Zamani watu wengi walioumia uti wa mgongo walikufa kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya figo na njia ya mkojo. Mwaka 1944 Dakta Ludwig Guttmann alianzisha hapo wodi maalumu. Aliagiza mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, mkojo uangaliwe kwa makini, na mgonjwa apewe kazi na michezo kama sehemu ya tiba. Mwaka 1948 alianzisha mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde na mshale, washindani 16 tu. Mashindano hayo yakakua. Mwaka 1960 yalifanyika Roma, yakianza siku nane tu baada ya Abebe kushinda pekupeku katika mji huo huo. Leo yanaitwa Paralimpiki.

Abebe naye akashika upinde. Mwaka 1970 alishindana Uingereza katika kulenga shabaha na mpira wa meza. Mwaka 1971 alikwenda Norway akashinda mbio za vigari vya kuteleza kwenye theluji. Mtu aliyekuwa akiishi kwa miguu yake sasa alikuwa akishindana kwa mikono. Mwaka 1972 alialikwa Olimpiki ya Munich kama mgeni wa heshima, akaingia akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na umati ukamshangilia.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41, kwa kuvuja damu kwenye ubongo kulikotokana na ile ajali. Maelfu ya watu walimzika Addis Ababa, na mfalme mwenyewe alikuwepo.

Si kila aliyeumia atapata Stoke Mandeville, nasi hatutaki kumdanganya mtu kwamba moyo pekee unatosha. Lakini kumgeuza mgonjwa kila saa mbili kunahitaji watu wa kupokezana zaidi ya fedha. Kumwahisha kituo cha afya anapopata kidonda, homa au mkojo mchafu kunaokoa maisha. Na kumtoa barazani, kumuuliza shauri na kumtafutia kazi ya mikono, hilo jirani yeyote analiweza.