Nancy Marchand: mama wa mafia aliyerudi kwenye televisheni baada ya kufa

Tarehe 4 mwezi wa tatu mwaka 2001, kituo cha HBO cha Marekani kilianza kuonyesha msimu wa tatu wa The Sopranos, mfululizo unaosimulia maisha ya familia moja ya kimafia katika jimbo la New Jersey. Jioni hiyo zilipita sehemu mbili, moja nyuma ya nyingine. Katika ya pili, iitwayo Proshai, Livushka, mkubwa wa genge, Tony Soprano, anaingia kwa mama yake kumwomba asimtolee ushahidi mahakamani. Mama anajibu kwa sauti ileile ya uchungu ambayo watu walikuwa wamekwisha izoea. Lakini kuna kitu hakikai sawa. Kichwa chake hakifuati mwili, nywele zinabadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na majibu yake hayalingani vizuri na maneno ya mtoto.

Nancy Marchand, mwigizaji aliyekuwa anacheza nafasi ya mama huyo, alikuwa amefariki miezi minane na nusu kabla ya hapo.

Wengi wa vijana wanaotazama mfululizo huo leo kwenye simu wanamjua kama mama Livia tu, mzee mwenye kinyongo, kitambaa mkononi, asiyepokea simu giza likiingia. Hawajui kwamba alipofika kwa Livia alikuwa na karibu miaka 50 ya kazi nyuma yake.

Marchand alizaliwa tarehe 19 mwezi wa sita mwaka 1928 katika mji wa Buffalo, kaskazini mwa jimbo la New York. Baba yake alikuwa daktari, mama yake mpiga piano. Ilikuwa familia ya Kiprotestanti, yenye adabu na kisomo, mbali kabisa na jikoni za Waitaliano wa New Jersey. Alisomea uigizaji katika chuo cha Carnegie, mjini Pittsburgh, akamaliza mwaka 1949. Miaka miwili baadaye alikuwa tayari Broadway, katika mchezo wa Shakespeare. Mwaka huohuo wa 1951 aliolewa na mwigizaji mwenzake, Paul Sparer. Walizaa watoto watatu na wakaishi pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha.

Televisheni ya Marekani wakati ule ilikuwa changa, na michezo mingi ilirushwa moja kwa moja. Mwigizaji akisahau maneno, nchi nzima inaona. Hakuna kukata wala kurudia. Tarehe 24 mwezi wa tano mwaka 1953, kituo cha NBC kilirusha Marty, mchezo ulioandikwa na Paddy Chayefsky juu ya mwanaume mchinja nyama wa New York ambaye amekwisha kukata tamaa ya kupata mke. Rod Steiger alicheza Marty. Marchand, akiwa hajatimiza miaka 25, alicheza Clara, mwalimu wa shule ambaye kila mtu anamwona hana sura. Watu walilia nyumbani kwao. Miaka miwili baadaye Marty ikafanywa filamu ya senema, ikabeba tuzo nne za Oscar, ile ya filamu bora ikiwemo. Lakini Steiger hakuwemo, na Marchand pia hakuwemo. Nafasi ya Clara ilipewa mwigizaji mwingine, Betsy Blair.

Mtu mwingine angeishi na jeraha hilo maisha yote. Yeye alirudi jukwaani. Mwaka 1960 alipata tuzo ya Obie, ambayo hupewa michezo ya New York isiyo ya Broadway, kwa kucheza mwenye nyumba ya makahaba katika The Balcony ya Mfaransa Jean Genet. Binti wa daktari wa Buffalo! Kwa miaka mingi alikuwa mwigizaji wa aina ambayo watu wa kazi wanaiheshimu na watu wa barabarani hawakumbuki jina lake.

Jina lilikuja mwaka 1977. Kituo cha CBS kilianzisha Lou Grant, mfululizo juu ya gazeti la kubuni la Los Angeles, na Marchand akapewa nafasi ya Bi. Pynchon, mjane aliyerithi gazeti hilo kwa mumewe. Kwa sisi wa kazi hii, nafasi hiyo ina utamu wake. Bi. Pynchon ana pesa, ana marafiki wakubwa wanaompigia simu kulalamika, na kila wiki lazima achague kati ya marafiki hao na habari ambayo waandishi wake wameleta. Waandishi wa mfululizo walimchonga kwa kutazama wanawake halisi waliomiliki magazeti, kama Katharine Graham wa Washington Post. Marchand alimcheza bila kelele: mgongo umenyooka, sauti ya chini, na jicho linalomfanya mhariri mkuu ajisikie mtoto wa shule. Alishinda tuzo ya Emmy mara nne kwa nafasi hiyo, mwaka 1978, kisha mitatu mfululizo kuanzia 1980. Mwaka 1982 CBS ilisimamisha mfululizo, katikati ya ubishi mkubwa juu ya siasa za mwigizaji wake mkuu, Ed Asner, aliyekuwa anapinga wazi sera ya Marekani katika El Salvador.

Baada ya hapo zilikuja nafasi ndogo ndogo za mama wa heshima na bibi tajiri. Alikuwa meya wa Los Angeles katika filamu ya kuchekesha The Naked Gun mwaka 1988, na mama wa Harrison Ford katika Sabrina mwaka 1995. Ndiyo sababu hakuna aliyemtegemea pale David Chase alipoanza kutafuta mtu wa kucheza mama wa jambazi.

Chase alikuwa anaandika juu ya mama yake mwenyewe. Norma, mama yake, alikuwa mwanamke wa hofu na malalamiko ambaye hakuna kitu kilichomfurahisha, na ni yeye aliyegeuzwa kuwa Livia Soprano. Waigizaji wengi walikuja kujaribu nafasi hiyo, na wengi walileta mama wa Kiitaliano wa senema, mwenye mikono ya juu na sauti kubwa. Marchand, ambaye hakuwa na tone la damu ya Kiitaliano, alifungua kinywa na Chase akasikia mama yake. Amelieleza jambo hilo mara nyingi.

Kipindi cha kwanza kilipigwa picha mwaka 1997. Marchand alikuwa karibu na miaka 70 na afya yake ilikuwa imeharibika. Saratani ya mapafu na ugonjwa wa kukosa pumzi ndivyo vingemmaliza. Mpango wa Chase ulikuwa Livia afe mwishoni mwa msimu wa kwanza. Lakini Marchand alimwomba amwachie kazi, na Chase akakubali. Kwa maoni yangu, ombi hilo la mwanamke mgonjwa ndilo lililoupa mfululizo kidonda chake. Tungekuwa na hadithi ya mama mbaya aliyekufa na mambo yakaisha. Badala yake tulipata mtoto anayejua kwamba mama yake alimchochea ami yake, Junior, amtume mtu kumuua, na bado mama huyo anaishi, anapiga simu, anaumwa, anahitaji kuletewa chakula.

Marchand hakucheza ushetani. Livia wake analia kweli. Anamtaja marehemu mumewe kama mtakatifu, wakati kila mtu anajua alimsumbua hadi mwisho. Anataja kifo cha watoto wadogo kwenye gazeti kama mwingine anavyotaja bei ya nyanya. Kila neno lake ni dogo, na kila neno linaacha alama. Mwanzoni mwa mwaka 2000 alipewa Golden Globe.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mjane. Paul Sparer alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka 1999, baada ya miaka 48 ya ndoa. Marchand aliendelea kupiga picha. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa pili, iliyoonyeshwa tarehe 9 mwezi wa nne mwaka 2000, Tony anampa mama yake tiketi za ndege zilizoibwa, naye anakamatwa nazo uwanjani. Huko ndiko hadithi ilikuwa inakwenda: mama kwenye kizimba cha mashahidi, mtoto kwenye hatari ya jela. Tarehe 18 mwezi wa sita, Marchand alifariki mjini Stratford, jimbo la Connecticut. Kesho yake angetimiza miaka 72.

Chase hakutaka mtu mwingine avae nguo za Livia. Pia hakutaka mama aondoke bila mazungumzo ya mwisho na mtoto wake. Basi wakachukua kichwa cha Marchand kutoka picha za zamani, wakakibandika kwa kompyuta kwenye mwili wa mwanamke mwingine, wakaokota maneno aliyowahi kusema katika sehemu nyingine. Inasemekana iligharimu dola 250,000 hivi. Matokeo yalichekwa, na kwa haki. James Gandolfini, aliyecheza Tony, anaongea na mabaki.

Mwaka 2023, waigizaji wa Marekani walipogoma kwa siku 118, moja ya mambo waliyopigania ni nani ana haki juu ya sura na sauti ya mwigizaji zikitengenezwa na mashine, hata baada ya kifo chake. Ile picha mbovu ya 2001 ilikuwa mlango mdogo wa jambo hilo. Leo ufundi umekuwa mzuri kiasi kwamba mtazamaji hatagundua, na hapo ndipo linapokuwa zito zaidi.

Ajabu ni kwamba sehemu yenyewe, ukiondoa dakika hizo, ni kati ya bora za mfululizo mzima. Livia hakutaka mazishi yenye sherehe. Binti yake Janice anayalazimisha. Kwenye kilio, nyumba imejaa, chakula kipo, na Janice anataka kila mtu amkumbuke marehemu kwa neno zuri. Kimya. Mmoja anatafuta maneno na hayapati. Mwingine, akiwa ametumia madawa, anaropoka. Mwishowe Carmela, mke wa Tony, anasema wazi kwamba mwanamke yule alikuwa na kasoro kubwa na hakukuwa na furaha ndani yake. Usiku Tony anabaki peke yake mbele ya televisheni, anatazama The Public Enemy, filamu ya 1931 ambamo jambazi anapendwa na mama mpole, na machozi yanamtoka. Marchand hayupo kwenye picha hata moja ya hizo, na zote zinamhusu.

The Sopranos iliendelea hadi tarehe 10 mwezi wa sita mwaka 2007, jumla ya sehemu 86. Gandolfini alifariki Roma tarehe 19 mwezi wa sita mwaka 2013, siku ambayo mama yake wa kwenye televisheni angetimiza miaka 85. Mwaka 2021 Chase alirudi na filamu The Many Saints of Newark juu ya utoto wa Tony. Livia akiwa bado kijana alichezwa na Vera Farmiga, mwanamke aliye hai, na mtu yeyote aliyeitazama alitambua mara moja alikotoa ile sauti.