Stanley: Kutoka Kalamu ya Gazeti hadi Utawala wa Kongo

Wengi wetu tuliosomea shule za msingi huko Gakindu, Nyeri, tulimjua Henry Morton Stanley kwa jambo moja tu: ndiye aliyempata Livingstone. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba huo ulikuwa mwanzo tu wa safari ya mwanahabari aliyegeuka mjenzi wa dola ya kikoloni.

Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka wa 1841, akaitwa John Rowlands. Alilelewa katika makao ya maskini, kisha akahamia Marekani na kujitwalia jina jipya. Gazeti la New York Herald ndilo lililomtuma kumtafuta Livingstone, naye akakutana naye Ujiji mwaka wa 1871.

Mwaka wa 1874 aliondoka Zanzibar kulivuka bara. Mwaka wa 1876 Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alikubali kumsindikiza sehemu ya njia. Stanley alifika Boma mwaka wa 1877, baada ya siku 999. Wapagazi wengi, pamoja na wenzake watatu Wazungu, walikuwa wamefariki.

Ndipo kalamu ilipoingia katika utumishi wa mfalme. Kati ya 1879 na 1884, kwa niaba ya Leopold II wa Ubelgiji, Stanley alifungua barabara na vituo kandokando ya Mto Kongo, kikiwemo Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Juu ya msingi huo iliundwa Dola Huru ya Kongo mwaka wa 1885, ambamo umma ulitumikishwa kikatili kwa ajili ya mpira. Mwaka wa 1887 Stanley alimpa Tippu Tip ugavana wa Stanley Falls.

Stanley alifariki London mwaka wa 1904. Tippu Tip, Zanzibar mwaka wa 1905. Stanley alimlaumu mwenzake kwa kutotimiza ahadi ya wapagazi. Tippu Tip naye alidai kwamba Stanley hakumlipa alivyoahidi. Dai hilo limo katika tawasifu yake ya Kiswahili, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na wote wawili walikuwa na mengi ya kuficha. Hata hivyo, wajibu wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili ni kuzisoma kalamu zote mbili kabla ya kutoa hukumu.