Jean-Bosco Mwenda: gitaa moja, sauti tatu

Sehemu ya Kambove na Likasi inajulikana kwa shaba. Lakini katika miaka ya 1950, kilitoka huko kitu kingine kilichovuka mipaka ya Congo: gitaa la Jean-Bosco Mwenda.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao makuu ya Wayeke, mji wa mfalme Msiri. Baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke. Alikulia karibu na migodi, Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji.

Union Minière ilikuwa imekusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi: Waluba, Wabemba, watu wa Kasai, wa Rwanda na wa Rhodesia ya Kaskazini. Kila mmoja alikuja na nyimbo za kwao. Kiswahili kiliwaunganisha katika mazungumzo. Katika muziki, gitaa lilianza kufanya kazi hiyohiyo.

Gitaa lilikuwa chombo cha Wazungu. Mwenda hakulipiga kama Wazungu. Kidole gumba kilishika nyuzi nene na kutembeza besi, kidole cha shahada kikacheza wimbo kwenye nyuzi nyembamba, na sauti yake ikapita njia yake yenyewe juu ya vyote viwili. Ni kama ngoma za kijijini: kila mpigaji ana pigo lake, na uzuri unatokea pale mapigo yanapokutana. Tofauti ni kwamba hapa mpigaji alikuwa mtu mmoja. Aliyesikia bila kuona angeweza kudhani kuna magitaa mawili.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika aliyefanya kazi Afrika Kusini, alifika Jadotville na mashine yake ya kurekodi. Alimkuta Mwenda, kijana wa miaka 22, akarekodi nyimbo zake. Mmoja wao, Masanga, ulipata tuzo ya Osborn mwaka huohuo. Santuri zake zikasambaa hadi Afrika Mashariki, na wapiga gitaa wengi wakajaribu kufuata vidole vyake kwa kusikiliza tu.

Mwaka 1959 alikwenda Nairobi, ambako alipiga muziki na kuimba matangazo ya dawa ya Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo naye alijulikana sana Kenya. Kwa sababu Mwenda aliimba kwa Kiswahili, msikilizaji wa Nairobi hakuhitaji mkalimani.

Wataalamu wa Ulaya nao walishughulika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, David Rycroft aliandika muziki wa Mwenda kwa noti, jinsi unavyoandikwa muziki wa Bach, ili aone unavyofanya kazi. Alichokipata ni ufundi uliopangwa vizuri: Mwenda alikuwa akigeuza wimbo mmoja kwa namna nyingi bila kupoteza mwendo.

Pamoja na sifa hizo zote, hakuishi kwa muziki peke yake. Alikuwa na kazi ya ofisi na aliwahi kufanya kazi banki. Gitaa lilifuata baada ya saa za kazi. Hata hivyo, mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani, na mwaka 1988 alirekodi tena huko Cape Town. Miaka miwili baadaye, 1990, ajali ya gari ilikatisha maisha yake akiwa na miaka 60.

Leo rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Sauti iliyozaliwa Likasi inatunzwa mbali na Likasi. Kijana wa Kambove anayeshika gitaa leo ana haki ya kuijua, maana aliyeipiga alikulia jirani, akalelewa na migodi ileile, akaimba kwa lugha anayoisema yeye kila siku.