Alexander Mackay: Mwana wa Mchungaji

Soma Luka 9:51–56. Yakobo na Yohana walilelewa katika dini ya baba zao, tena walitembea na Yesu kila siku. Hata hivyo walitaka moto ukiteketeze kijiji cha Wasamaria. Je, mtu anaweza kulelewa vizuri katika imani na bado akakosa huruma kwa asiye wa kundi lake?

Alexander Mackay alizaliwa mwaka 1849 huko Rhynie, Scotland. Baba yake, mchungaji, alimfundisha nyumbani hadi alipofikia miaka 14. Akasomea uhandisi, na mwaka 1876 akaondoka Uingereza kama mmisionari wa CMS. Hakurudi tena.

Malezi yale yalimpa saburi na mikono isiyochoka. Huko Buganda alifua chuma, akachapa Maandiko na kufundisha vijana kusoma. Lakini alitoka nyumbani na kitu kingine pia: kutowaamini kabisa Wakatoliki. Mapadre Wafaransa walipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1879, Mackay alimwonya juu yao. Padre Siméon Lourdel naye hakunyamaza. Mbele ya baraza zima kila mmoja alimshutumu mwenzake kwamba anafundisha uongo, na Mutesa akabaki haelewi amwamini mzungu yupi. Wote wawili walikuwa wanyofu wa moyo, na hilo ndilo linalosumbua.

Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akawageukia waongofu. Januari 1885 vijana watatu wa misheni ya Mackay waliuawa. Tarehe 3 Juni 1886, kule Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki walichomwa pamoja.

Mwaka uliofuata Mackay alilazimika kuondoka. Alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, kati ya Wasukuma na Wazinza, jirani na Geita ya leo. Oktoba 1888, baada ya Mwanga kupinduliwa, wamisionari wa pande zote mbili walinyang'anywa mali na kufukuzwa katika mashua moja, ile ya Waprotestanti. Kiboko akaipindua, watoto kadhaa wakazama. Walionusurika walifika Bukumbi, karibu na Mwanza, ambako mapadre waliwapokea Waprotestanti, wakawalisha na kuwalaza, kisha hao wakaendelea hadi kwa Mackay. Mwanga mwenyewe, aliyewaua Wakatoliki, alikuja kujihifadhi hapo hapo Bukumbi. Mwaka 1889 alimwandikia Mackay akiomba yaliyopita yasahauliwe.

Mackay hakubadili msimamo wake juu ya mafundisho ya Roma, wala hakuna sababu ya kudai kwamba alibadili. Lakini nyumba yake Usambiro ilikuwa wazi. Wakimbizi kutoka Buganda walipata hifadhi hapo, na msafara wa Stanley, uliofika umechoka, ulipumzika kwake karibu majuma matatu.

Alikufa kwa homa Usambiro tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40. Lourdel alikufa Buganda mwezi Mei mwaka uleule. Mwaka 1927 mabaki ya Mackay yalihamishiwa Namirembe, Kampala.