Mekatilili wa Menza: Mjane aliyekataa vijana wachukuliwe

Alizaliwa akiitwa Mnyazi wa Menza, huko Ganze. Alipopata mwana wa kwanza, Katilili, akaitwa Mekatilili, yaani mama Katilili. Akiwa bado msichana, kakake alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa na hakuonekana tena.

Mwaka 1912 serikali ya Uingereza ilimtuma Arthur Champion kwa Wagiriama. Alitaka kodi ya nyumba, na zaidi alitaka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu. Mekatilili, wakati huo mjane, alianza kuzunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Watu walimfuata kwa wingi, kisha akawahutubia. Mwaka 1913, Kaya Fungo, wanawake na wanaume waliapa kutotoa kodi wala vijana.

Wazee husimulia kwamba katika baraza moja alikuja na kuku na vifaranga vyake, akamwambia mzungu achukue kifaranga kimoja. Aliponyoosha mkono, kuku akamdonoa. Naye Mekatilili akasema hivyo ndivyo atakavyofanya mama Mgiriama akinyang'anywa mwanawe.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Ni zaidi ya kilomita 600, msikilizaji, katika nchi wasiyoijua lugha zake, na mama huyu alikuwa na umri wa nyanya. Mimi huchoka nikiwa ndani ya basi.

Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikazuka, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa, na Wagiriama walioishi kaskazini ya mto Sabaki wakaamriwa kuhama mashamba yao yenye rutuba. Mekatilili alikamatwa tena. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, na watu wakauza mifugo yao kuilipa.

Lakini amri ile ya kuhama haikudumu. Njaa iliingia, na baada ya miaka michache serikali ikawaacha watu warudi ng'ambo ya Sabaki. Mekatilili mwenyewe alirudi mwaka 1919, akaongoza baraza la wanawake hadi alipofariki katika miaka ya 1920. Kaburi lake liko Bungale, Magarini, na huko Malindi amesimamishiwa sanamu.