Kipofu Aliyewajua Nyuki

Kati ya mabingwa wote wa elimu ya nyuki, mimi humpa François Huber kiti cha mbele, ingawa nyuki wenyewe hakuwaona. Alizaliwa Geneva mwaka 1750, na macho yakaanza kufifia akiwa kijana wa miaka 15. Mchumba wake, Marie-Aimée Lullin, alikatazwa na baba yake kuolewa na kipofu. Binti akangoja mpaka alipofikia umri wa kujiamulia, wakaoana.

Katika kazi yake, macho ya Huber yalikuwa mtumishi wake, François Burnens. Bwana aliuliza, mtumishi akatazama. Walitumia mzinga unaofunguka kama kitabu, sega baada ya sega. Wako walioamini kwamba malkia hutungwa mimba kwa harufu tu ya madume. Hawa wawili wakathibitisha kuwa yeye huruka nje kukutana nao, akarudi na alama ya dume mwilini. Kitabu kilitoka mwaka 1792 kwa jina la Huber. Naona la Burnens nalo lilistahili kukaa juu.

Waliweka pia mizinga juu ya kioo, Burnens akaona kutoka chini jinsi nyuki watumishi wanavyowadunga madume hadi kufa. Lakini katika mizinga isiyo na malkia, madume waliachwa hai. Mbona? Pale ambapo uzazi haujapata hakika, dume bado ana kazi.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha mwaka 1804. Nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni alikuwa akiingia mizingani kuiba asali. Nyuki wakajenga ukuta wa nta na gundi yao mlangoni, wakaacha vitundu vya kupita nyuki mmoja au wawili. Majira ya kuchipua ya 1805 wakaubomoa. Nondo waliporudi kwa wingi mwaka 1807, wakajenga tena. Na Mei 1808, kabla mabumba hayajaondoka, ukuta ukavunjwa. Ndugu msomaji, bumba ndilo zao la mzinga, na umati ule usingeweza kupenya katika vitundu vile. Ukuta uliomzuia mwizi ungezuia pia uzazi.

Habari hizi zimo katika toleo la 1814, lililotayarishwa kwa msaada wa mwanawe Pierre, ambaye mwaka 1810 alikuwa ametoa kitabu chake mwenyewe juu ya chungu. Mzee Huber alifariki mwaka 1831.